Njia ya Purna

"Asichomwe, bosi," Jasman alisema, mikono imezama kwenye unga wa chapati. "Kwetu hatuchomi. Tunazika."

Ashok alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, simu sikioni, akielewana na mtu wa kuni. Aliinua kidole kumtaka angoje, akamalizia habari ya kuni kavu na madebe ya samli, ndipo akakata simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli, huyu bwana wa majora ya vitambaa, na hakuona haya mpishi wake akimtazama.

"Bahadur, usiwe na wasiwasi wa gharama," alisema kwa Kihindi, lugha waliyozoea kuzungumza wao wawili. "Yote juu yangu. Ningekuwa na kaka akafa ugenini, ningetaka afanyiwe hivi hivi."

"Si gharama, bosi. Purna anatakiwa ardhini."

"Moto unasafisha, Bahadur. Utaona." Ashok alimshika bega, akalibana kidogo. "Mchana tunautoa mwili mochwari, jioni tumemaliza. Mke wangu atakueleza cha kutayarisha."

Akaondoka. Na ubaya wa jambo lenyewe ulikuwa hapo hapo. Ashok angekuwa mkorofi, Jasman angejua pa kumshika. Angegoma, angetukana, angemwaga dengu sakafuni. Lakini utamkasirikia vipi mtu anayekusaidia kulia?

Purna alikuwa amekutwa jana asubuhi kwenye kiti chake cha plastiki, mlangoni mwa stoo ya Ashok, Mtaa wa Narung'ombe, rungu limelala mapajani. Wabeba mizigo walimpita na kumsalimia, wakadhani amewanunia. Mpaka mmoja alipomgusa. Daktari alisema ni moyo, na hakukuwa na sababu ya kumbishia, maana Purna alikuwa akilalamikia kifua tangu masika, na dawa yake ilikuwa kukikandakanda kwa ngumi.

Nyumbani kwa Ashok, Purna na Jasman walikuwa Bahadur Mkubwa na Bahadur Mdogo, mlinzi na mpishi. Wahindi wengi humwita hivyo Mnepali yeyote, na ukishakubali kuitikia mara ya kwanza, umekwisha. Mtaani walikuwa Wachina. Siku za nyuma jina hilo lilikuwa utani tu, lakini tangu watu wa Kariakoo waanze kugombana na wageni juu ya biashara ndogondogo, lilikuja na meno. "We Mchina, rudi kwenu ukauze chaja!" Purna, ambaye maishani hakuwahi kuuza hata kiberiti, alikuwa akisimama wima na kujibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Mimi si Mchina. Mimi Mkirati." Vijana walicheka mpaka wakashika nguzo. Mkirati ndo nini, mzee, dawa ya minyoo?

Mtu angewaeleza nini? Kwamba Wakirati ni watu wa milima ya mashariki mwa Nepali, na kwamba hata wao kwa wao hawaelewani? Kila bonde lina lugha yake. Jasman alikuwa Mkulung, wa bonde la mto Hongu. Purna alikuwa Myamfu, wa bonde la Arun. Siku walipokutana kwenye ngazi za nyumba ya Ashok, kila mmoja alimsalimia mwenzake kwa lugha ya mama yake, kwa furaha, na hakuna aliyeambulia kitu. Wakarudi kwenye Kinepali, lugha ya shule na ya polisi, wakacheka kwa aibu. Baadaye, Jumapili, wakawa wanafundishana. Njoo. Kaa. Maji. Tembea polepole. Maneno machache yalifanana, na la moto lilikuwa karibu kuwa moja. Waliona ni ajabu kubwa, wakalisema wee, kila mmoja kwa mdomo wake.

Anjana, mke wa Ashok, aliingia jikoni na bakuli la ufuta.

"Bahadur, pandit atakayesoma sala ametaka vitonge vya unga wa shayiri na ufuta. Ufanye wewe. Una mkono mzuri, na wewe ni kama ndugu yake."

"Mama, hivyo vitonge ni vya nini?"

"Chakula chake cha safari."

Jasman aliukanda unga wa shayiri. Ndiyo kazi aliyoijua, kukanda, na mikono haikumsubiri akubali. Iliongeza maji kidogo kidogo, ikanyunyiza ufuta, ikaviringa vitonge vya ukubwa mmoja na kuvipanga kwenye sinia. Safari gani, alijiuliza, na ya kwenda wapi?

Kwao mtu akifa hapewi chakula tu. Anaambiwa njia. Mtu mmoja anakaa kando ya mafiga, anaweka tangawizi na pombe ya ulezi, na kwa lugha ya marehemu mwenyewe anamtajia mahali baada ya mahali, mto baada ya mto, kutoka alipokatia roho hadi kwenye mafiga ya mababu wa kwanza. Ukiruka jina, marehemu anapotea. Ukitumia lugha nyingine, hasikii. Babu yake Jasman alikuwa akiifanya kazi hiyo, na alikuwa akisema wafu hawajui lugha ya serikali. Tena alikuwa akisema kitu kingine, ambacho asubuhi ile Jasman alikuwa akikisukuma mbali na kichwa chake: aliyechomwa hana nyayo, utamtembezaje?

Alipomaliza vitonge alitoka uani akampigia simu Suman, mtoto wa Purna, aliyekuwa kibarua wa majengo Qatar. Kelele za mashine zilijaa sikio.

"Suman, wanataka kumchoma baba yako."

"Najua, mjomba. Bosi alinipigia. Nimekubali."

"Umekubali?"

"Mjomba, kumrudisha nyumbani ni miezi ya kuzunguka maofisini, na mimi likizo sipati. Majivu atayatuma. Mtu mwema yule."

"Na njia? Nani atamwambia njia?"

"Njia gani?"

Jasman akaegemea ukuta. Akamweleza, polepole, kama anayeeleza mtoto mdogo, ingawa Suman alikuwa baba wa watoto. Upande wa pili mashine zilizimwa.

"Mzee aliyekuwa akifanya hayo alikufa wakati wa korona," Suman alisema. "Hakuna aliyeshika nafasi yake. Wajomba wamehamia mjini, wameokoka, hawataki hata kusikia. Na mimi lugha sijui. Nilipelekwa shule ya bweni. Baba mwenyewe ndiye aliyenipeleka, mjomba. Alisema nisome nisije nikawa mlinzi."

"Basi nipe majina tu. Kuanzia pale mito mitatu inapokutana, ukipanda Arun. Vijiji, vivuko, mawe. Nitayasema mimi."

"Naweza kuangalia kwenye ramani ya simu."

Na kweli akaangalia. Akasoma majina kwa sauti safi ya shule, nayo yalikuwa majina ya barabara, ya vituo vya polisi, ya mabwawa ya umeme, yaliyobandikwa na watu wa serikali juu ya milima ya watu. Jasman alimsikiliza mpaka mwisho, maana kijana alikuwa akisoma huku analia, kisha akamshukuru.

Ulezi wote waliokunywa yeye na Purna ulitoka kwa Elieshi. Alikuwa na duka la nafaka nyuma ya Mtaa wa Mahiwa, Mchaga wa Marangu, mjane mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Kwao ulezi ni wa kuchachusha mbege. Mara ya kwanza aliposikia hawa wawili wanautaka wa pombe alifurahi kupita kiasi, akawapa ua wake wa nyuma wapikie, kisha akaona wanauchemsha mzima mzima, wanautia hamira, wanaumwagia maji ya moto kwenye kopo na kunywa kwa mrija. "Hii si pombe," aliwaambia. "Huu ni ugonjwa." Lakini kila Jumapili alikuja kuonja.

"Shikamoo, mama," Jasman alimwamkia alipofika dukani.

"Marahaba. Pole, baba. Pole sana. Nimesikia." Elieshi aliacha kupima mahindi. "Mnazika lini?"

"Hawaziki. Wanachoma. Leo."

Elieshi alishika kifua. "Kumchoma? Purna? Mungu wangu! Kwani amewakosea nini?"

Kwa Elieshi hilo halikuhitaji maelezo marefu. Kwao mtu akifia Mwanza, akifia Mbeya, akifia hata Ulaya, watu wanakaa, wanapanga, maiti inapanda Kilimanjaro na kulazwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya migomba, karibu na baba yake. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Kariakoo hufanywa kwa misiba mikubwa tu, akamshika Jasman mkono.

"Twende kwa huyo Mhindi wako."

Ashok aliwapokea dukani kwake kwa heshima, akaagiza viti. Alimfahamu Elieshi, maana katika mitaa ile wafanyabiashara wote wanajuana kwa sura na kwa majina ya watoto wao.

"Karibu, Mama Rogath. Asante kwa kuja msibani."

"Bwana Ashok, nimekuja kuomba. Huyu marehemu kwao wanazikwa. Kwa nini mnamchoma mtu wa watu?"

"Mama, mtoto wake amekubali. Pasipoti yake inasema Mnepali. Wanepali ni Wahindu."

"Si wote, bosi," Jasman alisema.

Ashok alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amechoka. "Sawa. Tuseme simchomi. Nimzike wapi, Bahadur? Niambie, nipige simu sasa hivi. Makaburi ya Waislamu? Watamkubali? Ya Wakristo?"

"Niachie hilo," Elieshi alisema, akatoa simu, akampigia mzee wa kanisa wa usharika wake. Walimsikiliza akieleza, akieleza tena, akipandisha sauti, akishusha. "Hapana, hajabatizwa... Hapana, si wa dhehebu lolote... Ni mtu tu, mzee Zakayo! Ni mtu!" Akasikiliza jibu. "Haya. Nimeelewa. Asante."

Aliirudisha simu kwenye pochi na kuifunga zipu, akaifungua, akaifunga tena.

"Anasema ni kazi," alisema kwa sauti ndogo ambayo Jasman hakuwahi kuisikia kwake. "Anasema atauliza kikao. Kikao ni Alhamisi."

Ashok hakushangilia. Hata hakutabasamu. "Mimi nina mahali pa kumpeleka," alisema. "Ninyi hamna. Mnanilaumu kwa nini?"

Na hilo ndilo lililouma. Jiji lote hili, na vumbi lake lote, na mashimo yote yanayochimbwa kila siku kwa ajili ya maghorofa, halikuwa na shimo moja la Myamfu.

Jioni walikuwa mahali pa kuchomea. Ashok hakubania kitu. Kuni zilikuwa kavu, samli safi, maua ya rangi ya chungwa yamemwagwa mpaka kidevuni mwa Purna. Wafanyakazi wa duka walikuja wote na mashati meupe. Wabeba mizigo wawili wa Narung'ombe walisimama nyuma, kofia mikononi, wakitazama kama watu walioingia nyumba ambayo hawajui pa kukaa.

Pandit aliuliza jina la marehemu.

"Purna Bahadur," Ashok akajibu.

"Ukoo?"

Ashok akamtazama Jasman. Jasman aliutaja ukoo wa Purna kama alivyoutaja Purna mwenyewe, kwa Kiyamfu. Pandit akamwomba arudie. Akarudia.

"Huo haumo," pandit alisema, bila ubaya wowote, kama karani asiyepata jina kwenye orodha. "Asiyejulikana ukoo wake tunamweka kwenye ukoo wa Kashyapa. Ndivyo ilivyo, hakuna tatizo."

Akaendelea na Kisanskriti chake. Vitonge vya Jasman viliwekwa penye paji la uso, kifuani, mikononi. Vilikuwa vizuri, vyote sawasawa. Kisha ikafika kazi ya mtoto wa kiume, na mtoto hakuwepo, na Ashok akamsogeza Jasman mbele kwa kumshika kiwiko.

"Washa wewe, Bahadur. Wewe ndiye damu yake hapa."

Angeweza kukataa. Alilifikiria hilo huku amekwisha pokea kijinga cha moto mkononi. Lakini akikataa, atawasha nani? Kijana wa kukata vitambaa, ambaye hakuwahi kumwamkia Purna? Aliuma meno, akazunguka kama alivyoelekezwa, na alipoinama alisema neno moja tu, lile ambalo lugha zao zilikuwa zinakaribia kulisema sawa, ili angalau Purna ajue kinachokuja. Akawasha. Samli ilishika haraka. Jasman alimchukia Ashok, akamchukia Suman na ramani yake, akauchukia mkono wake mwenyewe kwa jinsi ulivyotii.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika uani kwa Elieshi. Hakuuliza ruhusa, naye Elieshi hakumdai maneno. Jasman alimdokezea mchana, naye alikuwa ameshasafisha mafiga na kuwasha kuni, na kopo la ulezi uliochachuka lilikuwa limetolewa kivulini. Jasman alikata tangawizi vipande, akavipanga juu ya jani la mgomba, akamwaga maji ya moto kwenye ulezi. Elieshi alijitanda khanga, akakaa kwenye gunia.

Jasman hakuwa mtu wa kazi ile. Alikuwa mpishi, mjukuu wa mtu wa kazi ile. Alikumbuka sauti ya babu yake kuliko maneno. Tena lugha aliyokuwa nayo ilikuwa ya Hongu, na aliyepaswa kuisikia alikuwa mtu wa Arun. Lakini alikuwa na yale maneno ya Jumapili, kiganja kimoja tu. Njoo. Tembea polepole. Maji. Aliyashika hayo, akayachanganya na ya kwake, akaanza, nyayo ziwepo zisiwepo.

Elieshi alisikia lugha asiyoijua, ikipanda na kushuka, na ndani yake akasikia Narung'ombe. Akainua kichwa. Akasikia Msimbazi, akasikia Uhuru, Mnazi Mmoja, akasikia Feri. Kumbe alikuwa anampitisha mtaani! Alimwona Purna akivuka pale penye foleni, akipita kwenye wauza mitumba, hakuna wa kumwita Mchina. Alimfuata hadi kwenye maji. Baada ya hapo hakusikia jina analolijua, akainamisha tena kichwa.

Jasman alivuka bahari kwa neno moja, kwa kuwa hakuwa na jingine. Akapita uwanda wa joto. Akafika kwenye mlango wa milima, pale mto mkubwa unapotoka bondeni, na hapo sauti yake ikapata nguvu, kwa sababu kipande hicho babu alikuwa akikirudia kila msiba. Alitaja mwamba, akataja kivuko, akapanda. Akafika mahali mito mitatu inapokutana. Hapo ndipo ndugu wa zamani walipoagana, kila mmoja akafuata mto wake, na hawakusikilizana tena. Kushoto ilikuwa njia ya Wakulung. Jasman aliijua yote, jiwe kwa jiwe, mpaka mlangoni kwa mama yake. Katikati ilikuwa Arun. Ya Arun hakujua hata jina moja.

Alisogeza kuni, moto ukalia kidogo. Angeweza kumpeleka kushoto; Purna angefika mahali. Angeingia nyumba ya watu, akae mlangoni, wamuulize ukoo wake, autaje, wamtake arudie. Jasman alilitazama lile jani la tangawizi. La, hilo hapana. Leo amefanyiwa hivyo mara moja, na inatosha.

Akatafuta kwenye kile kiganja cha maneno. Akalipata moja, akalisema kwa Kiyamfu, taratibu, akihakikisha kila sauti inatoka kama alivyofundishwa. Kisha akalisema tena. Akamalizia na maneno mengine mawili, akamimina pombe kidogo kwenye kila figa.

Elieshi alisubiri mpaka alipoinua macho.

"Umemfikisha, baba?"

"Nusu."

"Nusu?"

"Njia yake mbele siijui, mama. Nimemwambia akae. Akae hapo kwenye maji." Alijifuta uso kwa mkono wenye harufu ya tangawizi. "Nimemwambia, nakuja, tutaitafuta wote."

Elieshi alikuwa amezika mume na kaka, na hakuhitaji kufafanuliwa maana ya kumwambia maiti unakuja.

"Jamani, Jasman," alisema. "Hayo maneno mtu hayasemi."

"Hata kwetu hayasemwi. Ukimwambia akungoje, anakungoja kweli. Na hana subira."

"Yafute basi! Mwambie umekosea."

"Kwa lugha gani?"

Simu yake ikaita. Alikuwa Anjana. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayejua kuna msiba.

"Bahadur, pole tena. Pumzika. Ila dengu za kesho umeziloweka?"

"Bado, mama."

"Usisahau, wageni wanakuja asubuhi kumpa bosi pole."

"Ndiyo, mama," Jasman alisema. "Nakuja."

Hakuinuka. Elieshi alisogeza gunia lake karibu zaidi na moto, akakaa naye bega kwa bega. Kwenye kopo ulezi ulikuwa bado unavimba, ukiyanywa maji polepole, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono.